Opereta Aliyeunganisha Mlima

Wanaotaka kujua alizaliwa lini na ni wa ukoo gani wakaulize kwingine. Mimi hayo siyawezi, na yeye mwenyewe hakuwa na subira nayo. Ukimuuliza, "Mama, wewe ni wa akina nani?" alikujibu, "Mimi ni wa simu." Basi, yameisha. Kwetu Njoro, hapa Moshi mjini, hakuna aliyemwita kwa jina. Watoto, walevi, mchungaji, wote walimwita Opereta, na wote aliwaitikia.

Alikuwa opereta kweli. Wakati ule ukitaka kuongea na Dar unaomba laini, unakaa kwenye benchi unasubiri, na mwanamke usiyemwona anachomeka waya kwenye ubao kisha anakwambia, "Nimekuunganisha. Ongea." Sauti hiyo ndiyo yake. Watu wazima wa Moshi ukiwaigizia hayo maneno mawili wanageuka kumtafuta. Alijua nani anampigia nani, nani kanuniwa, nani anakataa kupokea, na siri hizo zote alikaa nazo kifuani. Kisha ikaja mitambo ya kujipigia mwenyewe, yakaja yale mageuzi ya mashirika ya umma, ofisi zikapunguza watu, naye akapunguzwa. Wenzake walirudi vihambani, kwenye mashamba ya ukoo huko mlimani. Yeye alifungua genge la nyanya mtaani kwetu, na ukifika pale husikii karibu wala nini. Unasikia, "Ongea." Ukishachukua nyanya zako unasikia, "Nakata." Kwaheri ilimshinda maisha yake yote.

Nilipofungua intaneti kafe yangu, chumba kimoja chenye kompyuta za mtumba, zile za mgongo mkubwa, alikuja kusimama mlangoni. Nilikuwa chini ya meza nahangaika na nyaya.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Hiyo kazi naijua," akasema, akaenda zake.

Nilicheka. Mwanamke wa nyanya! Lakini wiki hiyohiyo alirudi na kiti chake mwenyewe, akakiweka kando ya meza yangu, na sikumbuki tena siku ambayo kiti hicho hakikuwepo.

Ngoja niseme alichotaka. Miaka ile biashara ya wageni ilikuwa imefunguliwa, kila mtu anataka mzungu wake. Wapanda mlima walichukuliwa na makampuni ya mjini. Kule juu mlimani, watu wa Masama na Old Moshi walikuwa na kahawa iliyoanguka bei, ndizi, ng'ombe wawili bandani, na chumba ambacho kingeweza kulaza mgeni, ila huyo mgeni angejuaje? Opereta akaniagiza nimtengenezee kitabu cha simu cha kwenye intaneti. Nyumba zinazopokea wageni, waongozaji, akina mama wanaoonyesha kahawa inavyokaangwa, kila mmoja na maelezo yake. Anayetaka kuwemo analipa kwa mwaka.

Watu walimjia juu. Kulipia kuandikwa jina tu?

"Hulipii kuandikwa," alisema. "Unalipa ili nije nikukague. Na nikikukataa, sirudishi."

Na kweli hakurudisha. Kwa habari hiyo alikuwa na roho ngumu, sitamficha.

Ukaguzi wake haukuwa wa kuhesabu vitanda. Mlimani kila nyumba ina jirani wa juu na jirani wa chini, na katikati yao unapita mfongo, ule mfereji wa maji ambao watu hugawana kwa zamu. Opereta hakumuuliza mwenye nyumba kitu. Alipanda kwa wa juu, akashuka kwa wa chini, akauliza habari za maji.

Nilimsindikiza Old Moshi kwa mzee mmoja mwenye nyumba ya vigae, choo cha ndani, maua mpaka barabarani. Mimi nilishaanza kuipigia picha. Opereta akashuka kwa jirani wa chini, mama mmoja aliyekuwa anakata majani ya ng'ombe.

"Maji yanafika kwako?"

"Yanafika," yule mama akasema bila kuinua kichwa. "Siku akiwa safarini."

Opereta alicheka mpaka akashika kiuno. Tukarudi juu, tukakaa, tukaletewa mtori mzito wenye nyama ya kutosha. Akala bakuli lote, akafuta mdomo.

"Mtori mtamu sana, Mzee. Nimekukataa."

"Kwa lipi?"

"Unakula zamu ya maji ya jirani yako, utakayemzika au atakayekuzika. Mgeni wa siku mbili utamwacha salama?"

Njia nzima ya kushuka nilimlaumu. Yeye alikuwa anaimba. Alikuwa mwanakwaya, sauti ya pili, na alikuwa na msimamo mkali juu ya pombe. Mahubiri yake dhidi ya mbege yalikuwa makali kuliko ya mchungaji. Lakini kwenye ukaguzi, mwenyeji akileta kata ya mbege, Opereta aliipokea kwa mikono miwili na kuimaliza. Mara ya kwanza nilimtolea macho.

"Unanitazama nini? Hii si pombe. Huu ni ukaguzi."

Alikuwa hivyo. Hakuwahi kugusa kompyuta kwa kidole, lakini aliisemesha kwa sauti kubwa kama vile upande wa pili kuna mtu asiyesikia vizuri. Barua pepe hakuziamini mpaka nimsomee mara mbili. Na nyumba yake mwenyewe kule Masama, yenye vyumba vizuri na mlima wote mbele ya dirisha, haikuwemo kwenye kitabu. Nilimwambia aiweke, maana genge la nyanya halikuwa linamlisha vizuri. Alikasirika, nikajuta.

"Nani atanikagua? Nijikague mwenyewe? Nikusikie tena unasema hivyo!"

Sasa, suala la linki. Nilimweleza siku moja ya mvua, kafe iko tupu, kwamba ule mtambo wa kutafutia, ukiuandikia "Kilimanjaro malazi", unaanza na kurasa ambazo kurasa nyingine zinazitaja. Tovuti ya mtu ikiweka linki ya kuja kwako, ni kama amekusemea. Ukisemewa na wanaoheshimika, unapanda juu.

"Kwa hiyo unauliza majirani," akasema.

"Ndivyo, Mama."

"Una akili huo mtambo. Andika."

Akaanza kunitamkia barua za kupeleka kwa watu. Walimu wa kujitolea waliowahi kufundisha mlimani, madaktari waliokwisha kurudi kwao, watu ambao aliwahi kuwaunganishia simu za usiku kwa mama zao. Kwa wote alisema jambo moja: mlilala kwetu, mkiona vema semeni ukweli kwenye kurasa zenu, mkiona vibaya semeni pia. Walisema. Taratibu, mmoja leo, mwingine mwezi ujao, kitabu chetu kikapanda mpaka ukurasa wa kwanza. Kitabu kutoka Njoro! Mnaodhani intaneti ililetwa huku na vijana wa Dar, ililetwa na mwanamke wa nyanya, na mimi nilikuwa namchapia.

Aliyefaidika kuliko wote ni mjane mmoja wa Old Moshi. Alikuwa ameng'oa sehemu ya kahawa ya marehemu na kujenga vyumba viwili vya wageni, ndugu wa mume wakamcheka waziwazi kwamba mwanamke kachanganyikiwa, na kwamba vikikaa vitupu kihamba kitarudi kwao. Havikukaa vitupu. Kila simu ya mgeni ikilia kwake, alimpigia Opereta kumwambia tu kwamba imelia.

Alikuja kijana kutoka Arusha, suti, kompyuta ya mkononi, maneno laini. Anauza linki.

"Mama, ndani ya wiki moja nakupa linki kibao."

"Za nani?"

"Za popote, Mama. Ulaya, India, popote."

"Hao watu wananijua?"

"Hakuna haja wakujue."

"Nakata," akasema Opereta, akarudi kumenya njugu zake. Yule kijana alibaki amesimama, hajui kwamba mazungumzo yameisha, mpaka nikamwonea huruma nikamfungulia mlango.

Nasimulia hili ili muone lililofuata linavyouma. Yule aliyemfukuza mgeni mwenye linki za kununua, alishindwa na linki za bure za watu wake.

Ilikuwa Krismasi. Na Krismasi ya kwetu mnaijua: Dar yote inapanda mlima, magari mpaka migombani, ndafu ya mbuzi mzima inakatwa, kila mtu anataka kuonekana amefanikiwa. Shemeji yake Opereta, mwenyekiti wa kila kamati iliyowahi kuundwa Masama, alikuwa amesikia kwamba linki ndizo zinazopandisha kitabu. Watu wakiwa wameshiba, akasimama na glasi.

"Huyu mama anaubeba mlima peke yake, na sisi tunamwangalia! Harusi tunachanga, misiba tunachanga. Linki inatushinda? Kila mwenye tovuti atoe linki!"

Niambieni, Mchagga gani atasema hapana mbele ya ukoo siku ya Krismasi? Mwenye duka la spea Dar akaahidi. Mwenye saluni Mwanza akaahidi. Duka la dawa, shule ya chekechea, kwaya, mpaka bwana mmoja wa Tanga anayetengeneza majeneza, akaahidi mbili. Majirani wakasikia, wakaona haya kupitwa, nao wakachanga. Sikukuu nzima walijaa kafe kwangu wakipigia mafundi wao simu, na shemeji akiwasimamia wote waandike maneno yaleyale, herufi kubwa: MALAZI BORA KILIMANJARO.

Na Opereta? Alilia. Alikaa kwenye kiti chake anafuta macho kwa ncha ya kanga, kila anayeingia anamwita mwanangu. Hakumuuliza hata mmoja habari za maji. Nilijaribu kusema, "Mama, hivi spea za magari na wageni..." akaniambia ninyamaze, watu wametoa kwa moyo.

Wageni wa sikukuu walipokwisha kushuka, kitabu kikatoweka. Sisemi kilishuka, kilitoweka. Ule mtambo uliona kundi la wauza spea na majeneza limezuka kwa pamoja likipiga kelele kwa maneno yaleyale, ukaamua hawa ni matapeli. Ungeniuliza mimi, ningeamua vilevile. Niliandika "Kilimanjaro malazi" nikafungua ukurasa baada ya ukurasa, hatumo.

Yule mjane alishuka mjini na mkungu wa ndizi kichwani. Akautua mlangoni, akaamkia, akatoa simu yake kwenye kitambaa.

"Opereta, hebu niangalizie. Nadhani imekufa."

Opereta akaichukua, akaigeuza huku na huku. Ilikuwa nzima kabisa.

"Shemeji zangu walikuja jana," mjane akasema. "Walipima vyumba kwa kamba."

Opereta akamrudishia simu kwa mikono miwili. Mjane alipoondoka aliniambia, "Zitolewe. Zote."

Rahisi kusema. Kutoa mchango ni siku moja, lakini kumrudishia mtu mchango wake kwetu ni tusi. Ni kumwambia hadharani kwamba alichokuletea hakifai. Angeweza kupoteza ukoo mzima, na yeye hakuwa na mtoto, ukoo ndio uliokuwa uzee wake. Nilimshauri tuwaandikie mafundi wa zile tovuti kimyakimya.

"Niwaibie walichonipa?" Akaniona mpumbavu. "Twende Masama."

Pale uani kwake akachuma majani ya sale, lile jani refu la kwenye mipaka ya vihamba ambalo kwetu ukimpelekea uliyemkosea, hana ruhusa ya kukukataa. Tukaanza kwa shemeji. Mzee alikuwa barazani, akaliona jani kutoka mbali, akasimama.

"Umenikosea nini?"

"Bado. Nakuja kukukosea sasa hivi." Akapiga goti, mtu mzima yule mwenye magoti mabovu, akainua jani kwa mikono miwili. "Nakurudishia linki zako, Shemeji. Na za wote uliowachangisha."

Uso wa mzee ulibadilika. "Unaturudishia mchango?"

"Nawarudishia. Mlinipa kwa moyo, na mimi nikapokea bila kuuliza, kwa sababu nilifurahi kupendwa. Sasa kuna mjane atanyang'anywa kihamba."

Mzee akatukana kidogo kwa Kichagga, akaangalia mlima, akaangalia jani. Hatimaye akalipokea.

"Umeniweza," akasema. "Simama basi, utaumia."

Alizunguka mlima mzima hivyo. Kisha akafunga majani ya sale ndani ya jani bichi la mgomba yasinyauke, akapanda basi kwenda Dar, akamkuta muuza spea katikati ya wateja wake, akapiga goti palepale juu ya mafuta machafu. Nimeambiwa wateja walidhani ni msiba. Linki ilitolewa kabla soda yake haijaisha. Mimi nimefanya kazi na watu wengi wenye vyeo, na sijaona aliyeweza kujishusha akabaki mrefu kiasi kile.

Alipomaliza, akauliza, "Na huyo mwenye mtambo, anakaa wapi? Naye tulimkosea."

Nikamweleza yuko Marekani, hana mlango wa kugonga, kuna mahali tu pa kuandika maombi. Alisikitika kwamba jani halipiti. Akanitamkia, nikaandika: huyu muuza spea ni mtoto wa shemeji yangu, huyu wa majeneza ni mume wa binamu, walinitajia kwa sababu ilikuwa Krismasi, hawakuwa na nia mbaya, makosa ni yangu, yote yametolewa. Ikapita miezi. Mvua za masika zikiwa zimechanganya, kitabu kikarudi. Sijui kama kuna binadamu aliyesoma au mtambo ulijirekebisha wenyewe. Najua kwamba simu ya mjane ililia, na kwamba vyumba viko palepale hadi leo na kihamba ni chake.

Baada ya hapo akaweka sheria. Kila nyumba kwenye kitabu ikawa na ukurasa wake, na kila ukurasa linki mbili tu: ya nyumba jirani ya juu na ya nyumba jirani ya chini. Tena si lazima. Usipoweza kumsemea jirani yako, acha pawe wazi.

Miaka ilikwenda. Wakaja wale wenye tovuti kubwa za nje ambako mgeni mwenyewe anaweka nyota. Palifanyika semina mjini, mtaalamu mmoja mstaarabu tu akasema vitabu vya kulipia kwenye intaneti havina kesho, na linki za kuchongachonga hazina kesho pia. Wote tukageuka kumwangalia Opereta. Akasimama.

"Kweli," akasema. "Mimi nimeshawahi kuondolewa na mtambo, naujua. Nauliza tu, huko kwenye nyota, nani atakwenda kuuliza kama maji yanafika kwa jirani?"

"Hakuna, Mama," mtaalamu akasema. "Hakuna atakayelipia hilo."

"Najua," akajibu, akakaa. Mwaka ule ule akawaita wanachama, akawaambia wasilipe tena, akakifunga kitabu akiwa na akili zake timamu, akahamia Masama. Kiti chake bado kiko kwangu.

Nilimwona mara ya mwisho huko. Macho yalikuwa yamefifia, amekaa uani anachambua maharage kwa vidole.

"Shikamoo, Mama."

"Ongea."

Nilikuwa na jambo la kumwambia na sikujua nianzie wapi. Kitabu kilikuwa kimefungwa, lakini kurasa za nyumba zilibaki, kila moja na jirani zake. Mgeni akifungua ya mjane anaona ya juu yake, akifungua hiyo anaona nyingine, na hivyo hivyo unatembea upande mzima wa mlima bila kitabu chochote. Na mwezi uliopita walinijia watu wawili kafe, siku tofauti, bila kuambiana: jirani wa juu wa Opereta na jirani yake wa chini. Kila mmoja alitaka niongeze linki kwenye ukurasa wake. Nyumba ya Opereta. Niliongeza, nikamtengenezea na ukurasa, na tangu siku hiyo nilikuwa silali vizuri nikifikiria atakavyonifokea.

Kabla sijafungua mdomo, watu wakabisha getini. Wageni wawili, mabegi mgongoni, Kiswahili cha kubabaisha.

"Hodi. Hapa ni kwa Opereta?"

"Mmepotea," akawaambia. "Nyumba hii haimo popote."

"Imo, Mama," nikasema haraka. "Nimeiweka mimi."

Akanigeuzia yale macho yasiyoona. "Nani alinikagua?"

"Wa juu alisema. Na wa chini alisema."

"Walisema nini?"

"Kwamba maji yanafika."

Vidole vyake vilisimama juu ya maharage. Akayaweka maharage kando, nikajua sifokewi. Akajifuta mikono kwenye kanga, akasimama kwa kushika bega langu, akageukia getini, na sauti ikatoka ileile ya ubao wa waya, haijazeeka hata kidogo.

"Nimewaunganisha," akawaambia. "Ingieni."